Gari Iliyoendeshwa kwa Mdomo wa Mama

Katika mtaa wetu hapa Kolwezi watu walisema mama yangu anaendesha gari kwa mdomo. Walisema wakicheka, na mimi nilipokuwa msichana nilipigana na wenzangu njiani tukitoka shule kwa ajili ya neno hilo. Hasira zangu ziko karibu tangu zamani, sikatai. Lakini watu hawakudanganya. Baba alishika usukani, na mama, aliyekaa upande wake wa kuume, hakunyamaza tangu tulipotoka uani mpaka tuliporudi. "Mutu. Mutu mwingine. Kinga. Mbuzi, ziko mbili. Shimo. Ile kinga inaingia barabara, tata, inaingia, inaingia!" Kinga ni baiskeli, kwa ninyi mtakaosoma haya mkiwa mbali. Na tata ni baba. Ndivyo mama alivyomwita mume wake kwa heshima, hata alipokuwa akimpigia kelele.

Gari yenyewe ilinizidi umri. Ilikuwa na pua ndefu, matako ya mviringo, rangi ya chai ya maziwa, na viti vya ngozi vilivyonata mapajani wakati wa joto. Baba alikuwa karani katika kampuni ya migodi, na aliinunua kwa muzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya gari nyingine. Watu walipoanza kuleta magari mapya, madogo, mepesi, yeye aliyatazama akasema, "Hizi si gari, hizi ni masanduku." Asubuhi za mwezi wa sita, baridi yetu ilipoingia mpaka ndani ya injini, aliiamsha kwa manivela, kile chuma kinachotiwa mbele na kuzungushwa kwa nguvu zote. Sisi watoto tulisimama pembeni tukiomba Mungu isimrudie ikamvunja mkono. Ikiwaka, tulipiga makofi. Baba aliinama kidogo, kama padri aliyemaliza misa.

Hakuwa peke yake katika wazimu huu. Walikuwako wazee wenzake wa kampuni waliokuwa na magari ya umri ule ule, na kila mwaka wakati wa kiangazi walipanga safari ya pamoja mpaka Kasaji, mji wa reli upande wa magharibi, ambako ndiko kwao mama. Waliiita "tur", kwa Kifaransa, na ukisema msafara walibenua midomo. Walipiga mashati pasi, wakavaa kofia, wakaosha magari mpaka yakang'aa, kisha wakayaingiza kwenye barabara ya vumbi ambako baada ya nusu saa hungeweza kujua lipi lilikuwa jeupe na lipi jeusi. Wanawake walibeba bukari, yaani ugali, iliyofungwa kwenye kitambaa, samaki wa kukauka, na chai kwenye termosi. Mahali gari ya mmoja ilipokufa, wote walisimama, wakafungua boneti, na kila mmoja akatoa shauri lake. Nimekaa saa nyingi za utoto wangu kando ya barabara ya Kasaji nikisikiliza wanaume wakibishana na injini.

Sasa nieleze ule mdomo wa mama, maana bila huo hakuna hadithi.

Mama yangu ni mtu wa kimya. Nyumbani unaweza kukaa naye kutwa na usisikie isipokuwa kisu kikikata matamba, majani ya mihogo. Mwanzoni hata ndani ya gari alikuwa hivyo hivyo, mikono juu ya mapaja, anaogopa. Halafu baba akashikwa na homa kali, mimi nikiwa bado mdogo, na alipopona jicho lake la kuume lilikuwa limekufa. Kwa kutazama lilikuwa zima, zuri, jeusi. Lakini halikuona hata mwanga wa jua. Alimwambia mama peke yake. Alijua kazini wangemsukuma mlangoni, na wenzake wa tur wangemtoa kwenye barabara kwa huruma, na huruma ndiyo kitu baba alichokuwa anakiogopa kuliko kifo. Mama aliniambia baadaye kwamba baba alilia kitandani kama mtoto aliyenyang'anywa mchezo wake. Ndipo mama, ambaye hakuwahi kushika usukani hata mara moja, akamwambia, "Nyamaza, tata. Mi nitakuwa kuume."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Baba aliona kushoto na mbele, mama akamwonea kuume. Kabla ya kupiga kona baba aligeuza kichwa kidogo, kama kuku anayetazama punje, akauliza, "Mama, kuume kuko nini?" na mama akajibu. Na mwisho wa safari hakuzima injini mpaka mama achungulie dirishani, aone tairi ziko mbali na mtaro, aseme: "Tulishafika. Zima." Hata kama tulikuwa mbele ya mlango wetu wenyewe, hata kama mvua ilikuwa inatupiga, baba alingoja neno hilo, injini ikinguruma. Kidole kimoja hakivunji chawa, na gari ile haikuendeshwa na mtu mmoja.

Sisi watoto tulijua, kwa kuwa tulikaa kiti cha nyuma. Tulikatazwa kusema, na hatukusema. Tatizo ni kwamba watu wa nje waliona jingine kabisa. Waliona mwanamke anayempigia mume kelele toka Kolwezi mpaka Kasaji. Aliyekasirika kuliko wote ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alipanda nasi mara moja tu. Alishuka ameshika kichwa, akasema mbele ya watu: "Ndugu yangu hana mke, ana radio!" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Baba naye akacheka. Hilo, nasema wazi, sikumsamehe upesi. Mama alichukua termosi yake akaingia ndani.

Miaka ikaenda, na tur ikaanza kupungua. Gari moja ikauzwa vipande vipande. Nyingine mwenyewe alikufa na watoto wakaigeuza banda la kuku. Mzee mmoja alikaa Kasulo, mtaa ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, mpaka vyumbani. Wanawe walichimba ndani ya gereji. Gari ikasukumwa nje ili mchanga upate nafasi, na huko nje watu waliibeba kidogo kidogo, leo mlango, kesho taa. Mwisho akabaki baba. Mnadhani aliacha? Hata kidogo! Kila kiangazi alivaa kofia yake, akapita nyumba za wenzake zote, zile za wafu kwanza, na mbele ya kila moja akasimama na kupiga honi. Alingoja kidogo, kama vile mtu atatoka na kapu lake la chakula. Kisha akasema, "Haya, wako nyuma yetu," akaondoka. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, nina watoto, nimekaa kile kiti cha nyuma.

Wakati ule kazi ya mama ilikuwa imekuwa ngumu. Barabara ya zamani ilikuwa na kinga na mbuzi. Ya sasa ina pikipiki zisizohesabika, ambazo sisi huziita moto, na makamion yanayobeba mawe ya migodi, na vijana wachimbaji kutoka kila pembe ya Kongo wanaovuka bila kutazama. "Moto. Moto. Moto. Kamion. Moto, mama yangu, Yesu, moto!" Vijana wenyewe walipenda ile gari. Walikimbia kando yake wakiipiga picha na simu zao, wakipaza sauti, "Papa, tubebe!" Na mama dirishani: "Bijana ine, tata, moja iko karibu sana, ile ya kofia nyekundu." Yule wa kofia nyekundu akadhani anasalimiwa, akampungia mkono.

Baba alikufa mwaka huu, kiangazi kikianza. Moyo tu, na uzee. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake uani, karibu na gari, na mama alikuwa jikoni. Mama alipotoka alimkuta ameinamisha kichwa upande wa kuume.

Na mama hakulia.

Kwetu hilo si jambo dogo. Kwenye kilio mjane huketi chini kwenye mkeka, kitambaa kichwani, na watu wanaokuja kutoa pole hutazama macho yake kwanza. Macho hayana pazia, wanasema. Mwanamke asiyelia mume wake ana sababu, na sababu wanayoitafuta ni moja: kwamba yeye ndiye aliyemla, kwa uchawi au kwa sumu. Nimeona mjane akitolewa katika nyumba yake na ndugu za mume, sufuria zake zikirushwa nyuma yake njiani, kwa sababu hiyo tu. Mama alikaa kwenye mkeka siku nzima na macho yake yalikuwa makavu kama mihogo ya juani. Hakusema pia. Mtu akimsalimu, aliitika kwa kichwa.

Shangazi alifika toka Likasi. Tulimsikia toka mwanzo wa barabara, akilia kwa sauti ya kuvunja moyo, na nakiri kilio chake kilikuwa cha kweli, maana alimbeba baba mgongoni walipokuwa wadogo. Aliingia, akaanguka, akainuliwa. Halafu akamtazama mama. Akatazama tena. Nyumba yote ikaona anavyotazama.

"Huyu hana chozi?" akauliza.

Akamsogelea mama mpaka kwenye mkeka.

"Miaka yote mudomo yako haikulala," akamwambia mama. "Ndugu yangu hakuweza kupinda kona bila wewe kumupigia kelele. Kushoto, kuume, simama, enda! Sasa umemumaliza, unanyamaza. Batu ya ukoo bote bako njiani. Kisha kuzika, tutaongea. Na ile nyumba, na ile gari, ni bintu ya ukoo."

Weee! Nilisimama. Sijui nilitaka kumpiga au kumweleza, pengine yote mawili. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi: jicho. Ningesema neno hilo moja na shangazi angenyamaza. Lakini mama alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu nisizojua alizitoa wapi.

"Kaa," akasema chini chini. "Ile ni neno ya bwana yangu. Aliniomba."

"Mama, batakufukuza kwako!"

"Aliniomba," akarudia.

Nikakaa. Nililia kwa hasira, na watu wakadhani ninamlilia baba. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Na shangazi hakuwahi kulala ndani ya nyumba hii. Lakini ukiwa wewe ndiye uliyelala humo, na mdomo umefungwa, methali haikusaidii kitu.

Kesho yake mchana, siku moja kabla ya mazishi, watani waliingia. Watu wa baba ni ukoo wa Chui, na Chui wana utani wa zamani na ukoo wa Mbuzi. Chui akifa, Mbuzi huja kwenye kilio kufanya fujo. Huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na sauti yake, huiba nyama kwenye sufuria, humtukana maiti, na hakuna ruhusa ya kuwakasirikia. Ni dawa, wazee wanasema, ili watu wa kilio wasife kwa huzuni. Aliyetangulia alikuwa mama mmoja mzee wa mtaa wetu, muuza makala, yaani makaa, mnene, mwenye kicheko cha kuamsha mtoto. Alikuwa amevaa koti la baba na kofia yake ya tur, sijui nani alimpa.

"Chui alikufa!" akapaza sauti mlangoni. "Leo sisi mbuzi tutalala milango wazi!"

Watu wakacheka, hata waliokuwa wanalia. Akazunguka uani akitembea kama baba, mikono nyuma, tumbo mbele. Akaikagua bukari, akasema, "Hizi si bukari, hizi ni masanduku." Mimi mwenyewe nikacheka, kamasi zikanitoka. Kisha akaifikia gari, iliyosimama kando ya jiko chini ya turubai, akaivuta turubai ikaanguka.

"Usiguse!" shangazi akasema. "Ile ni ya ukoo!"

"Ukoo gani? Chui hana hata miguu ya kufika kwenye pedali," mtani akajibu, na shangazi ilibidi anyamaze, kwa kuwa desturi ni desturi.

Akaingia. Akafunga mlango mara mbili, kama baba, maana mara ya kwanza haukushika kamwe. Akatoa kitambaa mfukoni mwa koti akapangusa usukani. Akapiga honi kwa mdomo, "Pwaaa!" akangoja, akasema, "Haya, wako nyuma yetu." Vicheko vikaanza kupungua. Wazee wawili watatu wakatazama chini. Mtani akainua mkono wake wa kuume polepole, akafunika jicho lake la kuume kwa kiganja. Akageuza kichwa kwenye kile kiti kitupu, kidogo tu, kama kuku anayetazama punje.

"Mama," akasema. "Kuume kuko nini?"

Nikajua kwamba alijua. Labda alikuwa amejua miaka mingi. Mara nyingi baba alimpakia na magunia yake ya makala, akakaa nyuma pamoja nasi, naye ana macho. Kicheko kilikuwa kimekwisha uani. Mtani hakuwa akicheza tena, au alikuwa akicheza ule mchezo ambao yeye peke yake aliruhusiwa kuucheza.

"Mama," akarudia, "mi sioni. Kuume kuko nini?"

Mama akasimama kwenye mkeka. Mjane hasimami hivyo bila kushikwa mkono. "Kaa!" shangazi akasema, lakini mama alikuwa ameshapita. Alitembea bila viatu mpaka mlango wa kuume wa gari, akauinua kidogo kabla ya kuuvuta, kwani ndivyo ulivyofunguka, akaketi mahali pake. Akaweka mikono juu ya mapaja. Akachungulia nje.

"Kuko ukuta ya jiko," akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Kuko... kuko mutu. Iko na ndoo. Pita." Mtani akazungusha usukani. "Sasa kuko kinga. Batoto, batatu, balitoka kwenye masomo. Shimo, tata. Shimo ingine. Kuko Kasulo, hapana kuegemea, udongo iko wazi." Na hivyo akaendelea. Gari haikusogea hata unywele, lakini mama alikuwa anaenda Kasaji. Alitaja mti ulioanguka mwaka fulani, na kituo tulichokunywa chai, na mahali tulipolala na gari imekufa. Aliposema, "Kuko reli, simama, acha mi nitazame," machozi yalianza kumtoka, yakamiminika shingoni na kwenye kitambaa chake, naye hakuacha kusema. "Hakuna treni. Enda. Enda, tata, niko naangalia."

Uani hapakuwa na mtu asiyelia. Shangazi alikuwa amesogea mpaka kwenye dirisha la mbele. Alimtazama mtani, kile kiganja juu ya jicho. Akanigeukia mimi.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu mi mutoto mudogo."

Akainua mkono wake mwenyewe, akafunika jicho lake la kuume, akatazama upande ule aliokaa mama. Sijui aliona nini. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, na nguo yake nzuri, akasema, "Na mi nilisema ni radio."

Mtani, alipochoka, akauliza, "Mama, tulishafika? Nizime?"

Mama akachungulia dirishani.

"Hapana," akasema. "Hatuyafika."

Asubuhi ya mazishi shangazi ndiye aliyemfunga mama kitambaa chake. Ukoo wake ulikuwa umefika, wanaume wenye sauti kubwa, na mmoja alipoanza, "Kuhusu ile nyumba..." shangazi akamwambia aende akatafute viti. Neno la nyumba likaishia hapo. Gari ya maiti ilikuwa ya kukodi, na dereva wake kijana. Mama alitaka kukaa mbele, kuume. Hatukuwa tumemaliza mtaa wetu akaanza: "Moto. Moto mbili. Kamion iko nageuka."

"Mama, mi naona," kijana akasema kwa upole.

"Endesha tu," nikamwambia toka nyuma. "Si wewe anayemwambia."

Makaburini walishusha sanduku kwa kamba. Mama alisimama upande wa kuume wa kaburi, na shangazi amemshika kiwiko. Aliinama akatazama pembe ya sanduku na ukuta wa udongo mwekundu, akiwaelekeza wale vijana wa kamba: polepole, kuume iko karibu, mulegeze kidogo, sasa muache. Walimtii. Sanduku likagusa chini. Vijana wakatazamana, hawakujua kama wavute kamba, na padri alikuwa ameshafungua kitabu chake, lakini sisi wa kiti cha nyuma tulijua nini kimebaki, tukangoja. Mama alihakikisha tena pande zote.

"Tulishafika, tata," akasema. "Zima."